Mbalamwezi Kwenye Jedwali

Mtu anayelinganisha sensa ya 2002 na ile ya 2012 kwa Mkoa wa Mara hachelewi kukutana na Butiama. Anapanga majina ya wilaya kwenye safu ya kwanza, anaweka idadi ya watu ya 2012 kwenye safu ya pili, kisha anaandika fomula ya VLOOKUP imletee idadi ya 2002 kutoka laha nyingine. Tarime inajibu. Serengeti inajibu. Bunda inajibu, Musoma Mjini nayo inajibu. Ikifika zamu ya Butiama, seli inarudisha alama moja fupi: #N/A. Rorya hivyo hivyo. Na fomula haijakosea hata kidogo. Mwaka 2002 hapakuwa na wilaya inayoitwa Butiama. Vilima vyake, mashamba yake na watu wake, pamoja na Mwitongo alikozikwa Mwalimu Nyerere, vilihesabiwa ndani ya Musoma Vijijini. Rorya ilikuwa bado imo ndani ya Tarime.

Hapo ndipo mkono wa mwenye haraka unapokimbilia IFERROR. Ni fomula iliyokuja na Excel ya 2007, na kazi yake ni kusema: hesabu ikigoma, usinionyeshe mgomo, nipe kitu kingine. Unaizungushia VLOOKUP yako, mwishoni unaweka 0, na jedwali zima linatakata. Butiama 2002 inasoma 0. Butiama 2012 inasoma 241,732. Ukiliamini jedwali hilo, watu karibu laki mbili na nusu wamechipuka kutoka ardhini ndani ya miaka kumi, na Musoma Vijijini, iliyokuwa na watu wapatao laki tatu na thelathini elfu, imebakiwa na 178,356, kama nchi iliyopitiwa na tauni. Ukweli ni kwamba ukizijumlisha Musoma na Butiama za 2012 unapata 420,088. Watu waliongezeka, na waliongezeka sana. Hakuna aliyehama, hakuna aliyekufa kwa tauni. Mpaka wa utawala ulichorwa upya, basi. Sifuri moja iliyowekwa ili ripoti ipendeze imetunga uhamiaji na msiba ambavyo havijawahi kutokea.

Nimeishi na majedwali kiasi cha kutosha kujua kwamba alama ile inachukiwa. Mkuu wa idara akiona #N/A kwenye ripoti anadhani kijana wake hajui kazi. Mfadhili akiiona anadhani fedha zake zimeliwa. Kwa hiyo vijana tunafundishana kuifuta kabla haijaonekana, na mafunzo mengi ya Excel yanayopita kwa simu yanaanza na hilo: namna ya kuficha makosa. Mimi nimefika mahali pa kuiheshimu alama hiyo. Kwenye laha iliyojaa tarakimu zinazojiamini, ndiyo pekee inayosema mbele ya watu kwamba haijui.

Ina umri mkubwa kuliko wengi wanaoikimbia. VisiCalc, programu ya lahajedwali iliyotengenezwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kutoka mwaka 1979, tayari ilikuwa na namna moja ya kusema thamani hii sina, na namna nyingine ya kusema hesabu hii imeharibika. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu finyu mno, kila herufi ilikuwa gharama, na bado watu wale waliona lazima kutojua kuwe na mahali pake pa kuandikwa. Excel imerithi jambo hilo mpaka leo. Unaweza kuandika =NA() mwenyewe, kwa hiari, mahali ambapo taarifa haijafika. Tangu hapo karibu kila fomula itakayoigusa seli ile itakiri nayo haijui. Jumla haitajua, wastani hautajua, asilimia haitajua.

Watu huliona hilo kuwa usumbufu. Lakini fikiria msimu wa pamba Bunda. Vyama vya ushirika vya msingi vinaleta uzito vilionunua, kimoja hakijaleta. Unaulizwa: wilaya imenunua kilo ngapi? Jibu la kweli ni kwamba haijulikani. Unaweza kusema vyama vilivyoleta taarifa vina kilo kadhaa, na kimoja bado. Huwezi kusema wilaya ina kilo kadhaa ukanyamaza. Fomula inayokataa kujumlisha imekataa kusema uongo kwa niaba yako, na kama unataka jumla ya waliopo, ipo njia ya kuiomba wazi: fomula ya AGGREGATE, ukiiagiza iruke makosa, itakupa. Tofauti ni kwamba umeomba, na unajua umeomba nini.

Somo zuri la jambo hili nimelipata nje ya ofisi, mwaloni Mwigobero, Musoma, kwenye daftari la mzee mmoja anayeandika mavuno ya dagaa. Daftari ni la kawaida la shule, limepigwa mistari kwa rula: tarehe, mitumbwi, ndoo. Kwenye safu ya ndoo kuna tarakimu, lakini si tarakimu peke yake. Siku kadhaa mfululizo ameandika neno moja, mwezi. Siku nyingine ameandika upepo. Na siku nyingine hakuandika kitu kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura."

"Hapa kwenye ndoo umeandika mwezi. Nikipeleka kwenye kompyuta niweke ngapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya maji. "Usiku wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa. Nimtoe mtu na mtumbwi akamfuate nani?"

Kwa wasioishi kando ya Ziwa nieleze. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Giza likiwa zito, taa inawakusanya, wavu unawazunguka. Mwezi ukikua, mwanga unatapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuvuta, na mitumbwi inapandishwa mchangani. Hizo ni siku za kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kwenda nyumbani. Kila mwezi zipo, na kila mtu mwaloni anazijua.

Nilimwonyesha zile siku za upepo. Akasema ziwa lilichafuka, hakuna aliyethubutu. Nikamwonyesha zile tupu.

"Na hapa?"

"Hapo sikuwepo. Tulikuwa msibani, Majita."

"Kwa hiyo hawakuvua."

"Walivua. Mimi ndiye sijui walipata ngapi."

Sasa tulete hesabu, na hesabu hii ni ya mfano tu ili tuione vizuri. Tuseme mwezi una siku 30. Usiku 18 walivua wakapata ndoo 540. Usiku 8 ulikuwa wa mbalamwezi, usiku 2 wa upepo, na usiku 2 mzee hakuwepo. Ukiziacha tupu seli zote 12 zisizo na tarakimu, fomula ya AVERAGE inaziruka na kukupa ndoo 30 kwa usiku. Ukizijaza sifuri zote, inagawanya kwa 30 na kukupa 18. Kutoka 30 hadi 18 ni ziwa lililopoteza zaidi ya theluthi ya samaki wake, na hakuna samaki hata mmoja aliyepotea.

Mtu atasema, basi jibu ni kutokujaza sifuri kamwe. Ningependa liwe rahisi hivyo. Lakini mke wa mvuvi anayepanga bajeti ya chakula hana habari na wastani wa usiku wa kuvua. Watoto wake wanakula hata mwezi ukiwa mkubwa. Kwake yeye usiku wa mbalamwezi una ndoo sifuri, kweli kabisa, na usiku wa upepo vilevile. Kwa swali lake tunagawanya 540 kwa 28, tunapata kama 19.3. Zile siku 2 za msiba hazimo wala kwa mtaalamu wa uvuvi wala kwa mama wa nyumbani, kwa sababu mitumbwi ilitoka, dagaa walikuja, na hesabu yao haipo. Seli ile ile ya mbalamwezi ni sifuri kwa swali moja na haihusiki kwa swali jingine. Seli ya msiba haigeuki sifuri kwa swali lolote.

Hili daftari la mzee linajua. Laha yetu ndiyo isiyojua, kwa sababu anayeingiza taarifa akikuta neno kwenye safu ya tarakimu analifuta. Anaona ni uchafu. Anafuta mwezi, anafuta upepo, na baada ya hapo usiku wa aina tatu unafanana: seli nyeupe tupu. Baadaye mtu mwingine, ofisini, anazikuta nyeupe zimemkera, anazijaza 0. Habari imekufa mara mbili, na kila aliyeshiriki aliamini anasafisha.

Wasomi wamelihangaikia jambo hili muda mrefu. E. F. Codd, Mwingereza aliyeweka msingi wa hifadhidata tunazotumia hadi leo, mwaka 1990 alipendekeza alama mbili tofauti za ukosefu: moja ya kitu kinachopaswa kuwepo ila hatujakipata, nyingine ya kitu kisichohusika kabisa na mahali hapo. Wengi waliona inaongeza kazi, na programu nyingi zimebaki na utupu wa aina moja tu. Mzee wa Mwigobero anazo aina tatu kwenye daftari la shule.

Mtakwimu Donald Rubin naye, kwenye makala yake ya 1976, aligeuza swali. Hakuuliza tu nini kimekosekana, aliuliza kwa nini kimekosekana, na kama sababu hiyo ina uhusiano na kile ambacho tungekiona. Hapo ndipo pagumu. Msiba wa Majita haukujali ziwa lina dagaa wangapi; siku hizo 2 zimepotea kibahati, na tukikadiria kwa siku zinazofanana nazo hatutapotoka sana. Lakini mavuno mengine hayafiki kwenye daftari kwa sababu yalikuwa makubwa, yakauzwa visiwani au majini kabla ya mwalo, ushuru usiyaone. Siku kama hiyo seli tupu inaficha tarakimu kubwa kuliko zote za mwezi. Sifuri hapo ni kinyume kamili cha ukweli, na hata wastani wa siku nyingine utakuwa mdogo mno. Hakuna fomula ya kukuonyesha hilo. Unapaswa kumjua mtu, kuujua mwalo, kuijua bei.

Afya nayo ina hadithi yake, na hapa moyo wangu unauma zaidi. Zahanati zetu zinaandika kwenye vitabu vya MTUHA: wagonjwa wa nje kitabu chao, wajawazito chao, watoto chao, wazazi chao. Mwisho wa mwezi muuguzi anajumlisha kwa mkono, anajaza fomu, fomu inapanda wilayani na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliozaliwa kwenye mtandao unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika leo katika nchi nyingi za Afrika. Mfumo huo una tabia moja ambayo kila anayesoma ripoti zake angepaswa kuijua. Usipouagiza vinginevyo, sifuri iliyoingizwa hauihifadhi. Waliojenga walitaka kuokoa nafasi, na kwa kuwa fomu za afya zimejaa sifuri, hoja yao inaeleweka. Lakini matokeo yake ni kwamba zahanati iliyosema kwa makini mwezi huu hatukuwa na mtoto wa surua na zahanati iliyoruka kisanduku hicho zinaweza kuonekana sawa. Kwa ugonjwa kama surua au kipindupindu, sifuri ni habari kubwa. Mtu alitazama, hakuona. Ndiyo maana mifumo ya kufuatilia milipuko hudai sifuri iripotiwe kila wiki hata pakiwa shwari.

Na zahanati gani hukosa kuleta ripoti? Mara nyingi ni ile yenye muuguzi mmoja, na muuguzi huyo alikuwa akizalisha usiku kucha, au barabara imekatika, au wagonjwa wamefurika. Kukosa ripoti hakukuja kibahati. Ukiitupa zahanati hiyo nje ya wastani, wilaya inaonekana ina afya kuliko ilivyo. Ukiijazia sifuri, umeiandika kuwa yenye afya kuliko zote.

Excel yenyewe ina hila hapa, na hii inawapata hata mafundi. Ukiandika fomula inayoelekeza kwenye seli tupu, kwa mfano =B7 wakati B7 haina kitu, jibu si utupu, jibu ni 0. VLOOKUP nayo ikimpata unayemtafuta lakini safu ya majibu yake ikawa tupu, inarudisha 0. Hapo hakuna alama ya kosa wala mtu aliyefanya ujanja. Laha za kata zikiunganishwa kwenye laha ya wilaya namna hiyo, kila kata ambayo haijaleta taarifa inasoma sifuri safi yenye sura ya tarakimu halali. Njia ni kuuliza kwanza: ikiwa seli ni tupu, baki tupu, la sivyo leta thamani. Fomula ya IF inatosha. Ni ndefu kidogo kuandika, na kila laha ninayopokea huwa naanzia hapo kuikagua.

Halafu kuna majina. Kule Butiama, njia ya kwenda Bunda, kuna mji wenye mgodi wa zamani wa dhahabu. Nimeuona ukiandikwa Kiabakari na nimeuona ukiandikwa Kyabakari, na wenyeji hawana shida na lolote kati ya hayo. VLOOKUP ina shida. Laha moja ikiandika hivi na nyingine vile, hata nafasi moja isiyoonekana ikibaki mwishoni mwa jina, inarudisha #N/A. Mwenye pupa anaweka 0, na mji mzima wenye shule, soko na watu wake unafutika kwenye jumla ya wilaya. Aliyetulia anaiona alama, anatabasamu, anasahihisha tahajia. Mara nyingi kosa la namna hii linatibika kwa dakika moja, mradi tu lionekane. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa sababu hiyo, pale ninapolazimika kufunika, natumia IFNA, iliyokuja na Excel ya 2013, badala ya IFERROR. IFNA inashika ukosefu peke yake. Kama fomula imevunjika kwa sababu nyingine, seli imefutwa, mtu amegawanya kwa sifuri, jina la fomula limekosewa, kelele yake inabaki. IFERROR inanyamazisha zote kwa mpigo mmoja, jambazi na mgeni aliyepotea njia wakachukuliwa kuwa mtu mmoja. Na ndani ya IFNA siweki 0. Naweka maneno: haijaletwa, au haikuwepo, au tafuta tahajia. Maneno yataonekana machafu kwenye safu ya tarakimu, na SUM itayaruka bila kulalamika, lakini msomaji atayaona.

Kinachotisha zaidi ni kukosekana kusikopiga kelele yoyote. Uingereza, kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa Uviko-19 hawakuingia kwenye hesabu ya kila siku, kwa sababu majibu ya maabara yalipitishwa kwenye aina ya zamani ya faili la Excel ambalo mistari yake inakomea 65,536. Yaliyozidi yalidondoka. Hakuna #N/A iliyotokea. Watu walioketi karibu na wagonjwa wale hawakupigiwa simu kwa siku kadhaa, na jedwali lilikuwa safi kabisa muda wote huo. Nchi tajiri, wataalamu wengi, na seli zisizo na doa.

Sisi wa Ziwa tunajua uzito wa orodha yenye pengo. MV Bukoba ilipozama 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa kwenye orodha kamili, na idadi ya waliokufa imebaki ya kukadiriwa hadi leo. Miaka 22 baadaye, alasiri ya 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati ya Bwisya, kisiwani Ukara. Ukisimama Kisorya, upande wa Bunda, visiwa vya Ukerewe viko mbele yako, na kivuko cha kwenda Rugezi kinaondokea hapo, kwa hiyo msiba ule kwa watu wa Mara ulikuwa wa nyumbani hata kabla ya kufikiria jina la kivuko. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Na swali ambalo kila familia iliuliza kwanza, walikuwemo wangapi, halikuwa na wa kulijibu: mkata tiketi alikufa, mashine yenye kumbukumbu za tiketi ikapotea.

Siku mbili baada ya ajali, waokoaji walimtoa fundi mitambo wa kivuko akiwa hai. Alikuwa amejihifadhi kwenye chumba kilichobaki na hewa ndani ya chombo kilichopinduka. Kwa siku mbili zile mtu huyo hakuwa kwenye orodha ya waliookolewa wala ya waliopatikana wamekufa. Alikuwa ni pengo. Kama mtu angekaa mezani akasema tufunge hesabu, tuliowakosa wote tuwaandike marehemu, angekuwa amemzika mtu anayepumua. Kila nikiona safu yenye neno hajapatikana nalikumbuka jambo hili, na sina subira na mtu anayetaka neno hilo ligeuzwe tarakimu kabla ya wakati wake.

Hayo hayasemi kwamba pengo lisijazwe kamwe. Lazima tukadirie, la sivyo hatungejenga shule wala kununua chanjo. Wazee wetu walikadiria kwa ustadi. Baba yake Mwalimu, Chifu Burito wa Wazanaki, aliitwa Nyerere kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi wamevamia nchi. Mwaka kamili haukuandikwa popote siku ile, lakini tukio liliandikwa ndani ya mtu, na mwenye kujua lini viwavi walikuja angeweza kurudi na kukadiria. Makarani wa sensa hutumia njia hiyo hiyo. Wanakuwa na kalenda ya matukio: njaa fulani, nzige, vita, mvua kubwa za wakati wa Uhuru zilizoanza 1961 na kulipandisha Ziwa kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Bibi asiyejua mwaka wake anaulizwa alikuwa mkubwa kiasi gani Ziwa lilipofunika mashamba. Jibu linakuwa makadirio, na asili yake inajulikana.

Linganisha na tarehe 1 Januari. Wasomali na Wasudan Kusini wengi waliohamia Marekani wamezaliwa wote siku hiyo kwenye karatasi zao, kwa sababu kisanduku kilidai tarehe na ofisa hakuwa na ruhusa ya kuandika haijulikani. Kwenye sensa za Afrika Mashariki umri nao hujikusanya kwenye 30, 35, 40, 50, 60, kama mitumbwi iliyofungwa kwenye nguzo chache, ilhali 39 na 51 zimebaki na watu wachache ajabu. Watakwimu wameizoea hali hiyo na wana vipimo vya kuigundua na kuirekebisha. Wanaweza kuirekebisha kwa sababu mkusanyiko wenyewe unaonekana. Sifuri iliyopachikwa na IFERROR haiachi alama ya namna hiyo. Imevaa nguo zile zile za sifuri ya kweli.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na linawahusu wanaochora fomu kuliko wanaozijaza. Fomu nyingi zinazopita Musoma, Bunda na Butiama zina kisanduku kimoja kwa kila jibu. Zipeni cha pili, chembamba, cha sababu. Isizidi herufi moja: V ya tumevua, M ya mbalamwezi, U ya upepo, H ya haijulikani, zahanati iwe na zake, ushirika wa pamba zake. Anayeingiza kwenye kompyuta asilazimike kuchagua kati ya kufuta na kudanganya. Tarakimu zibaki kwenye safu yake zikiwa safi, utupu ubaki utupu, na pembeni yake iandikwe ni utupu wa nini. COUNTIF itahesabu kila herufi kwa sekunde moja. Ripoti ya mwezi wetu wa mfano isomeke hivi: wastani wa ndoo 30 kwa usiku wa kuvua, usiku 18, mbalamwezi usiku 8, upepo usiku 2, haijulikani usiku 2. Inaenea kwenye mstari mmoja, na mzee wa Mwigobero akisomewa ataitambua kuwa ni yake.